Chai ya Asali Siku ya Harusi Yangu

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ulinifunza nisianze neno na mkubwa kabla ya salamu, na siwezi kuacha leo eti kwa sababu umelala kule Ilongero, pembeni mwa shamba la uwele.

Juzi mjukuu wangu alitoka dukani hapa Utemini na mfuko wa sukari, akautupa mezani kama kitu cha kawaida tu. Nikakukumbuka, nikacheka peke yangu.

Unaikumbuka miaka ile ya vijiji vya ujamaa? Serikali ilikuwa imepanga bei ya sukari, unga, mafuta na sabuni ili mnyonge asinyonywe, na wewe, balozi wetu wa nyumba kumi, uliitetea bei hiyo mikutanoni mpaka sauti ikakukauka. Kisha ikaja harusi yangu. Ulipokwenda duka la kijiji ulikuta rafu tupu na ubao wa bei ukutani. Ukamuuliza muuzaji sukari itafika lini.

"Mama, bei ipo," alikujibu. "Sukari ndiyo haipo."

Haikupita wiki mshenga akaja na ujumbe wa mama mkwe: wageni wao wanatoka mbali, Iramba, hawawezi kukaribishwa kwa chai isiyo na sukari. Kama hatuna, harusi isogezwe hadi baada ya mavuno. Nililia sana. Mchumba wangu alikuwa amepangiwa kufundisha Kilimatinde, na nilijua akiondoka bila mimi, maneno ya watu yangeimaliza habari yetu.

Baba akaamua kumtoa mtamba wake kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyesemekana ameficha magunia ya sukari nyuma ya nyumba. Ukafuatana naye. Mliporudi mtamba mlikuwa naye, sukari hamna, na Baba amenuna.

"Yule bwana kaniambia akiuza kwa bei ya ubaoni, hata gharama ya lori hairudi," ulisema huku ukivua viatu. "Ndiyo maana anaificha. Nimemsikiliza nikakosa la kumjibu, na hilo ndilo linaloniuma. Lakini ng'ombe mzima haendi kwa ajili ya chai. Nisubirini."

Asubuhi ukadandia lori la kwenda Itigi, kwa shemeji zako wenye mizinga porini. Siku zikapita. Nilikuwa natwanga uwele nilipokuona unaingia uani na debe kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi, unacheka.

Ulitusimulia jinsi mgambo walivyokusimamisha kwenye kizuizi. Wakati ule kila mzigo ulishukiwa kuwa wa magendo.

"Debe lina nini, Mama?"

"Asali ya harusi. Onja, mwanangu."

Kijana wa watu akachovya kidole, akalamba, akachovya tena. "Harusi yenyewe ni lini?" akauliza. Ukamkaribisha pale pale, na kweli alikuja, tena na mkewe!

Siku yenyewe tulikuwa na ugali wa uwele, kuku wetu wa kienyeji na mafuta ya alizeti tuliyokamua wenyewe. Chai ikatoka, imekolea asali. Mama mkwe akashika kikombe. Mimi nikamchungulia chini ya khanga. Akanywa kidogo, akanywa tena, akakimaliza, kisha akakunyooshea kikombe.

"Niongezee, mwenzangu," alisema. "Sukari hata kwetu hatuna. Nilitaka tu kuona kama mtoto huyu ana watu."

Vigelegele ulivyopiga nadhani vilisikika hadi mjini.

Baadaye nilikuuliza kama bado unaitetea ile bei. Ulisema nia ya kumlinda maskini huwezi kuitukana, lakini waliopanga wangekuja kwanza kusimama na wewe mbele ya rafu tupu. Sijapata jibu bora kuliko hilo, ingawa tangu hapo nimewasikia wengi wakibishana.

Nimezeeka vizuri, Shangazi. Tuliishi Kilimatinde miaka mingi, tukarudi huku, watoto wamekua na wana adabu. Mume wangu sasa hivi yuko nje anagombana na kuku waliovamia alizeti yake iliyoanikwa.

Ila kuna jambo sikukujibu. Asubuhi ya harusi ulipokuwa unanisuka, ulininong'oneza: "Lakini unampenda, au umeona aibu kukataa?" Nikainamisha kichwa, watu wakaingia, na hukuuliza tena.

Nampenda, Shangazi. Nilimpenda tangu hapo.

Pumzika kwa amani.

Mimi, binti wa kaka yako.