Sifuri Yangu na Treni ya Rongai

Jumamosi. Mvua imenyesha Nakuru tangu asubuhi na magoti yangu leo hayataki mchezo.

Mjukuu wangu Chebet ana mtihani wa fizikia Jumatatu. Amekuja na ile milinganyo minne ya mwendo, ameikariri yote kama sala, ila hajui atumie upi. Nikamwambia aandike alichopewa na anachoulizwa. Kile ambacho hakupewa wala hakuulizwa akiache, achukue mlinganyo usiokuwa nacho. Swali lilikuwa la treni. Akaandika kasi ya mwanzo ni sifuri, ingawa swali halikusema treni ilikuwa imesimama.

Nilicheka, maana sifuri hiyo naijua.

Miaka ya hamsini mimi ndiye niliyekuwa mtu wa sifuri. Kwetu karibu na Rongai, treni niliyoijua ni ya abiria, na hiyo huanza safari ikiwa imesimama stesheni. Basi kila treni ya kitabuni niliianzishia sifuri. Mwalimu alishaniambia nikifeli tena nitarudi shamba la mzungu kupalilia pareto na mama, na hakuwa akitania.

Aliyenihurumia ni Njoroge, niliyeketi naye dawati moja. Jumapili moja akanipeleka kando ya reli. Treni ya mizigo ikaja, ikatupita bila hata kupunguza mwendo, kisha ikazidi kukaza kuelekea Nakuru.

"Umeiona ikisimama?" akaniuliza. "Sasa hiyo sifuri unatoa wapi?"

Tulicheka mpaka nikakaa chini kwenye nyasi.

Kwenye mtihani treni ikaja kweli: futi thelathini kwa sekunde, ikiongeza futi moja kwa sekunde kila sekunde, kwa umbali wa futi mia nane. Kasi ya mwisho ni ngapi? Muda hawakuutaja, nami sikuutafuta. Nikachukua mlinganyo usio na muda. Kwa sifuri yangu ya zamani ningepata arobaini. Niliandika hamsini.

Nilitamani kumwambia Njoroge, lakini hakuwepo. Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ambayo wakoloni waliitangaza dhidi ya wapigania uhuru. Kabla ya mtihani, watu wa kabila lake walipakiwa kwenye malori wakapelekwa rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali, na yeye pamoja nao. Sikumwona tena.

Nilifaulu, nikawa mwalimu mpaka nikastaafu.

Nimemsimulia Chebet kisa cha reli, naye ameniuliza kama huyo rafiki yangu pia alifaulu. Nimemwambia hakuufanya mtihani. Akauliza kwa nini, ilhali ndiye aliyekuwa hodari.

Nimemkumbuka sana Njoroge leo. Nitamweleza mtoto huyu nikianzia wapi?