Valfrid Ekblad, Aliyefyeka Nyasi za Makanisa Mawili

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache. Tungependa kukwambia kwamba mambo ni shwari. Si shwari hata kidogo.

Ulikuwa ukitusimulia huku kahawa yako ya Kisweden, ile inayochanganywa na yai, ikichemka jikoni. Wasweden wa kwanza walifika hapa Minnesota pamoja, wakakata magogo pamoja, wakajenga kanisa moja. Kisha wakagombana juu ya nani anastahili Meza ya Bwana. Nusu wakatoka, wakavuka barabara, wakajenga la kwao, mlango ukitazama mlango. Nani alimwambia nani nini, leo hakuna ajuaye. Kinyongo tu ndicho tulichorithi kizima.

Makaburi yalibaki ya wote, na wewe uliyafyeka miaka yote bila kuombwa. Ukiulizwa, "Valfrid, wewe ni wa upande gani hasa?" unacheka: "Waliogombana wamelala hapa bega kwa bega, na sijamsikia hata mmoja akilalamika."

Ulitamani kitu kimoja, kuwaona watu wa makanisa yote mawili wakinywa kahawa pamoja. Wakaja wote kwenye mazishi yako. Wote, Baba! Walibanana, wakaimba, wakagombea mkate wa iliki. Wewe tu ndiye hukuwaona, na inatuuma mpaka leo.

Tukadhani yamekwisha, tukaomba ibada hii ya kumbukumbu iwe ya pamoja. Mzee Torsten wa kanisa la zamani akamjibu Mama: "Shemeji, wao ndio waliotoka. Si warudi kwa miguu ileile!" Mzee Algot wa ng'ambo ya barabara naye: "Waliotufukuza ndio waje kutuita. Kwani sisi tuna haraka gani?"

Haraka gani! Kule waumini hawajazi benchi mbili, huku paa linavuja. Tumechoka kubembeleza watu wazima.

Basi Mama amekata shauri. Jumapili hii, ibada zikiisha pande zote mbili, meza na birika lako vitakuwa katikati ya barabara. Hatuingii kwa huyu wala kwa yule. Anayekupenda atashuka ngazi zake aje. Mzee Torsten, Mzee Algot, mmelisoma tangazo hili? Vikombe vyenu vipo.

Unakumbukwa na mkeo Signe, wanao Ingalill na Rune, mkweo Dagny, wajukuu, na dada yako Tekla, ambaye naye amewachoka wazee hao wawili.

Hatutakusahau, Baba. Na wao tutawakumbusha.