Kizimba cha Wazima

Ijumaa, 14 Machi 2025
Umeme umekatika tena. Banda la panya wa utafiti linachemka. Jasho langu, jasho lao.

Kizimba A tuliwachoma chanjo ya DNA. Kizimba B maji ya chumvi tu. Wiki hii wote tumewaambukiza malaria ya panya. A wakibaki wazima na B wakiugua, chanjo inafanya kazi. Alama za wino mikiani zimefutika. Kifaa cha kuwatoboa masikio kama alama ya kudumu tuliagiza tangu mwaka jana – eti kiko njiani. Njia gani hiyo!

Naenda msibani Mugumu. Mlinzi wetu, Mzee Simioni, atawalisha. Kanicheka: amechunga ng'ombe tangu utoto, atashindwa na panya?

Jumatatu, 17 Machi
Siamini! A wote wanarukaruka. B wote wamejikunyata, manyoya yamesimama. Nimepima damu kwa hadubini. A safi, B vimelea tele. Nimelia, mimi na panya wangu. Hakuna atakayenicheka tena nyumbani kwamba nimesomea panya.

Nimempigia Dokta Raphael, mkuu wetu. Yuko Mwanza na wafadhili. Kafurahi mpaka akasahau kunikaripia. Anawaleta Jumatano.

Jumanne, 18 Machi
Nimeisha.

Nilikuwa namshukuru Mzee Simioni kwa kuwatunza panya. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ulikuwa umechanganya wagonjwa na wazima. Mimi nimewatenga."

Nikamuuliza, umewatengaje, mzee? Akajibu, wazima huku, wagonjwa kule. "Ng'ombe mgonjwa halali na zingine. Si zitaambukizana?"

Nikakaa chini, sakafuni. Malaria haiambukizwi hivyo! Nani alitoka kizimba kipi? Hajui. Wote weupe, anasema, hata mama yao hawezi kuwatambua.

Nilitaka kufoka. Akaniletea chai. Nimeinywa kwa hasira. Nilimwambia alishe, sikumwambia asitenge. Nani angewaza!

Dokta hapokei simu. Nimemwandikia kila kitu. Tiki za bluu, amesoma.

Jumatano, 19 Machi
Dokta katangulia kabla ya wageni. Nimemweleza tena, uso kwa uso: matokeo hayafai, turudie. Hakufoka. Heri angefoka.

"Nani mwingine anajua?"

Mzee Simioni, nikasema. Papo hapo akampa mzee ruhusa ya siku nzima. Ruhusa aliyoiomba tangu Januari!

Naandika haya bandani, juu ya gunia la chakula cha panya. Wageni wako koridoni. Dokta anawaambia hajawahi kuona matokeo yaliyonyooka hivi. Hata mimi sijawahi.

Salaale. Mzee hakuondoka. Namwona dirishani, kavaa shati la kanisani, anasalimiana na wageni mmoja mmoja. Mama mmoja anamuuliza kama ndiye anayewatunza panya hawa. Dokta ananiangalia mimi.

Nikinyamaza, siku uongo ukigundulika tutamsukumia yeye lawama, najua. Niwahi kusema mimi. Mzee anakohoa, anaweka kola sawa, anatabasamu –