Kompyuta Ilinyamaza, Akalaumiwa Mtoto

Mchafukoge, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimekuachia? Mikorosho imeanza kutoa maua? Huku tu wazima, mjukuu wako Rehema ameota meno, ananing'ata akinyonya. Simu yako haipatikani, ndiyo maana barua hii nampa mjomba Saidi anayerudi Masasi kesho. Mama, usiende stendi Jumamosi. Mtoto haji. Ngoja nikueleze, maana hasira zimenikaba.

Kazi yangu unaijua, nakaa stoo nyuma ya duka nakunja khanga, Rehema kalala pembeni. Wateja wa mbali wanaagiza kwa imeli. Kompyuta ikilia ting! nakimbia mbele kusoma. Sasa mwezi huu fundi akaja kuiwekea mfumo mpya. Tangu hapo, kimya. Nikadhani biashara imelala. Kumbe imeli zinaingia ila hazilii! Mama mmoja wa Moroni, kule Komoro, kaagiza khanga za harusi nzima, hakujibiwa, akanunua kwingine.

Bosi wangu, Mama Nasra, akanijia juu mbele ya wateja. "Umezima sauti ili mwanao alale! Hili duka au wodi ya wazazi?"

"Haki ya Mungu bosi, sijaigusa."

"Nyamaza! Nikimwona tena huyo mtoto hapa, na wewe usije."

Ndiyo siku ile nilikutumia ujumbe kwamba namleta kwako. Nimwachishe ziwa mtoto hata kutambaa hajui, kisa kengele! Nikawa namwacha kwa jirani yetu nyumbani Msimbazi, nakunja khanga za watu huku maziwa yananilowesha kifua.

Juzi fundi akarudi kutia wino kwenye printa. Nikasimama mlangoni. "Kaka, hutoki. Mtumie bosi imeli sasa hivi, tusikilize wote." Akatuma. Kimya. Na mtoto hayupo! Akabofyabofya, akacheka. "Aa, mfumo mpya umezima arifa, hizo ting! zenu. Zinatakiwa kuwashwa upya. Nilisahau, dada."

Anacheka, Mama! "Unacheka nini? Mwanangu amekosa ziwa, wewe umesahau?" Akaziwasha, ikalia ting!

Mama Nasra kasikia yote, hata pole hakunipa. "Haya yameisha, mlete mtoto." Nikamwambia, "Hayajaisha. Ulimsema mtoto mbele za watu, msafishe mbele za watu." Akasonya akaondoka. Nikajua kazi ndiyo imekwenda.

Leo nimefika na Rehema mgongoni, roho mkononi. Mteja wa kwanza kuingia, Mama Nasra akamwambia, "Yule mtoto hakuwa na kosa. Ilikuwa kompyuta." Kasema kwa kununa, lakini kasema. Mimi hasira bado hazijashuka. Zitashuka, Mungu akipenda.

Msalimie kaka Juma, na shangazi Zuhura aliyekwishatandika kitanda cha mgeni. Bibi Somoe, mama yake baba, asinune, Rehema akiacha kunyonya nitamleta mwenyewe.

Mistari ikipinda usinicheke, naandika huku ananyonya.

Mwanao akupendaye,
Asha, mama Rehema