Kosa la Kidoti Kwenye Kongamano

Chuo cha Ualimu,
Bweni la Wasichana, Chumba 14.
9 Agosti

Mpendwa Dada,

Hujambo huko mbali? Shemeji na mapacha hawajambo? Kile kikohozi kimekuacha, au bado kinakukera? Sisi huku wazima wa mwili. Roho yangu tu ndiyo ina homa.

Unamkumbuka Kidoti, binti wa mama mdogo? Tunasoma naye ualimu, mwaka wa pili, chumba kimoja. Kwenye mazoezi ya kufundisha tulifundisha hesabu za sehemu, nusu na robo, kwa vizibo vya soda, mimi darasa langu, yeye lake. Mhadhiri wetu akachagua kazi moja iwasilishwe kwenye kongamano la walimu. Akachagua ya Kidoti. Mimi nikaambiwa nimsindikize. Dada, nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, huku nasaga meno.

Alinipa karatasi zake nizikague. Kwenye jedwali nikaona darasa la wanafunzi arobaini na mmoja, waliofaulu hamsini na watatu! Walikuwa thelathini na watano. Alikuwa amegeuza tarakimu. Nikamrudishia, nikasema, "Safi kabisa."

Ukumbi ulijaa walimu wakuu na wakaguzi. Kidoti alivaa gauni langu la bluu, nalo lilimkaa kuliko linavyonikaa mimi. Alizungumza kama aliyezaliwa na kipaza sauti mkononi. Kisha mwalimu mmoja mzee akanyoosha mkono: "Binti, hao kumi na wawili wa ziada waliofaulu walitokea wapi?" Watu wakacheka.

Nilingoja aumbuke. Sikufichi Dada, nilingoja. Yeye akalitazama jedwali, akacheka pamoja nao. "Ahsante, mwalimu. Nimegeuza tarakimu, ni thelathini na watano. Wanafunzi wangu wangenikamata mapema zaidi." Alipigiwa makofi kuliko mgeni rasmi. Yaani hata kosa nililomwachia lilimpendeza!

Jana mchana uzalendo ukanishinda. Alikuwa anakunja nguo. Nikamwambia, "Lile kosa nililiona."

Hakuinua kichwa. "Najua. Tangu tukiwa wadogo hujawahi kusoma kitu changu kosa likakupita." Akaliweka gauni langu kitandani kwangu, limepigwa pasi. "Mwakani wasilisha wewe. Mimi nitakukagulia."

Tangu hapo nayapima maneno hayo, sijui ni msamaha au ni kisasi. Leo asubuhi nimekwenda kuandikisha jina langu kwa kongamano la mwakani hata hivyo.

Nisalimie shemeji, wabusu mapacha, na shangazi mkunga mwambie namkumbuka. Mama usimwonyeshe barua hii. Mungu akuzidishie afya, na subira ya kuwa na mdogo kama mimi.

Ni mimi nikupendaye, wewe sikuonei wivu hata chembe,
Kitindamimba wenu