Kibii wa Ukutani

Salgaa,
20 Mei 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Olenguruone. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Viazi vimetoka vizuri? Mimi ni mzima, na kazi hapa hotelini ipo, malori hayaishi. Barua hii anakuletea Kiprotich, kwa sababu kwa simu ningeshindwa kufika mwisho.

Wikendi nilikuwa Milimani. Abby, yule msichana wa kwaya yetu, alinialika kwenye kitu wanachokiita jam, nami nikamuuliza ni magari gani yamekwama. Alicheka, akanieleza kwamba watu wasiojuana hukaa pamoja, huchukua huduma moja inayosumbua watu, na kabla ya Jumapili jioni wanakuwa wameibuni upya na kuijaribu. Safari hii ilikuwa ya kuwasaidia jamaa wa mgonjwa aliyeletwa hospitali ya mjini kutoka mbali. Alitaka mtu aliyewahi kumtafuta mgonjwa wake. Unajua, Mama, nilimtafuta mume wangu wodi baada ya wodi, na nilipofika kitanda chake kilikuwa kimeshatandikwa.

Nilipangwa kundi moja na Milcah na Muiruri, vijana wa chuo. Desturi yao ni kwamba hawabuni kitu kwa ajili ya wananchi tu. Lazima kwanza wamtunge mtu mmoja, wamchore, wampe jina na kumbandika ukutani, kisha kila wazo waulize kama litamfaa yeye. Milcah alitaka mgonjwa wetu aitwe Josphat. Muiruri akasema huyo alikuwa mwalimu wake wa hesabu, hawezi kumhurumia. Wakacheka, wakanigeukia mimi. Nikasema Kibii.

Wakauliza Kibii ni mtu wa namna gani. Nikasema huweka simu ndani ya soksi, na akikaribia lango hupiga mluzi ili mbwa asishtuke. Basi siku nzima ikawa Kibii amechoka, Kibii hawezi kusoma maandishi madogo hivi, Kibii atataka chai. Hakuna aliyepunguza sauti. Sisi, tangu tumzike mwanao, tunasema "wakati ule," tena tunatazama chini.

Jumapili tuliigiza. Muiruri alilala juu ya mabenchi, akawa Kibii. Mimi nikawa mke. Milcah alisimama mlangoni kunipokea, maana hiyo ndiyo huduma tuliyobuni: mtu wa kuwapokea jamaa na kuwafikisha hadi kitandani. Alinishika mkono na hakuniachilia. Muiruri akafumbua macho, akasema, "Umefika? Nilikuwa nakungoja."

Nilikaa sakafuni nikalia. Watu walipiga makofi wakidhani naigiza. Abby ndiye aliyenijia, na hapo nikawaambia Kibii ni nani. Muiruri aliniomba msamaha kama mtoto aliyevunja kikombe, akainuka kulibandua lile jina ili waandike lingine.

"Liache," nilimwambia. "Mwite tu."

Alipoeleza kazi yetu mbele ya ukumbi, kila mahali alisema Kibii.

Mama, sasa niseme lililonifanya niandike. Jumapili sikurudi pale kwa ajili ya huduma. Nilirudi kusikia jina lake. Ukumbi ulipofungwa nililia kuliko nilivyolia pale sakafuni, kwa sababu najua nikija kwako hatutalitaja, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Nimechoka kuhurumiwa hivyo, na nadhani wewe pia. Nikija Agosti, naomba unisimulie alivyokuwa akiwa mdogo. Nataka kujua mluzi ule alifunzwa na nani.

Msalimie Jepkemei, umwambie sweta yake nimeiona, nitakuja nayo. Na mkiomba jioni, nikumbukeni kwa jina langu, na lake mlitaje kwa sauti.

Ni mimi binti yako,
Chepkorir, mke wa Kibii