Maziwa Niliyoyamwaga

Tindiga,
Kilosa.
19 Juni 1993

Kwako dada yangu mpendwa Marselina,

Shikamoo dada. Shemeji Thadeo naye nampa shikamoo yake. Je, baridi ya Mbeya mnaionaje mwaka huu? Na kikohozi cha Kalisti kimeisha, au bado anakohoa kama mzee? Nawaombea muwe wazima wote. Sisi huku hatujambo. Donati yuko shambani anavuna mpunga, na mama mkwe mgongo unamsumbua, ingawa mdomo hauna ugonjwa wowote.

Nakuandikia mchana, nimekaa mkekani nyuma ya nyumba, na Magreti amelala titini. Ndiyo, umesoma vizuri: titini. Ananyonya kidogo, anasahau, anakumbuka tena. Nami nasinzia na kuamka, kwa hiyo ukiona mistari imepinda usinicheke. Jana nilisinzia hivi hivi nikamwona marehemu mama anapepeta mchele. Makapi yalikuwa yanapanda tu juu, hayashuki. Nilipofumbua macho, shingo ya mtoto ilikuwa inanukia mchele mpya. Niliinusa muda mrefu.

Dada, najua barua yangu ya Aprili ilikuliza. Niliandika nikiwa nimekata tamaa. Magreti alizaliwa na kilo tatu, na wiki ya tano nesi Grace wa zahanati alipomning'iniza kwenye mizani alikuwa na kilo tatu na robo tu. Akaniambia nirudi baada ya wiki mbili, na kama hajaongezeka nitaandikiwa kwenda hospitali Kilosa mjini. Nilirudi nyumbani nikiwaza jambo moja tu, kwamba na huyu ataondoka. Kama Lazaro wangu alivyoondoka mgongoni kwako kwenda Mbeya akiwa na wiki tatu, wewe ukiwa na Kalisti titi moja na yeye titi la pili, kwa sababu mimi sikuwa na kitu.

Sasa sikiliza kilichotokea. Unawajua wale wafugaji waliohamia upande wa mbugani? Mama mmoja wa kwao, Namelok, hupita na kibuyu cha maziwa kila asubuhi. Nilimwita ninunue ya mtoto. Wakati namngoja nilikuwa nimetoka kuanika mpunga juani, basi nikafanya kama alivyonifundisha mama mkwe tangu uzazi wa kwanza: nikayakamua maziwa yaliyopigwa na jua, nikayamwaga pale mlangoni, ili yabaki ya baridi. Mtoto akingoja hupewa maji ya sukari. Ukitoka juani unakamua, ukitoka kwenye moto wa jikoni unakamua. Nesi sikumwambia, maana hakuuliza, na kwangu ilikuwa usafi tu kama kunawa mikono.

Weee, yule mama alisimama kama amekanyaga moto! Kwao maziwa hayamwagwi ovyo, hata tone. Akaniuliza, "Umemwaga nini hapo?" Nikamweleza. Akaangalia ile alama ya maji ardhini, akamwangalia Magreti, akafunika kibuyu chake. "Sikuuzii," akasema.

Nilikasirika, dada, nisikufiche. Nikamwita mama kwa lugha yao, "Yeyo, mtoto wangu ana njaa na wewe unaninyima?" Akaingia, akaketi bila kukaribishwa. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kukata kata kwamba wao hawamkamui ng'ombe ndama akiwa mbali. Ndama hutangulia, ananyonya kidogo, ndipo ng'ombe anaachia. Ukimzuia ndama, ng'ombe anafunga. "Wewe unamzuia ndama, unamwagia udongo, halafu unauliza maziwa yamekwenda wapi. Mtoto kwanza. Ukitoka juani, mtoto. Ukitoka jikoni, mtoto."

Mama mkwe alichemka! Ng'ombe za mume wa Namelok zilikanyaga mpunga wetu mwezi wa pili, na leo mke wake aje kutufundisha kunyonyesha? Alisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Namelok alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shikamoo mama," akaondoka na kibuyu chake.

Nilikwenda kumuuliza nesi Grace. Alishika kichwa. Akasema jua haliingii kwenye titi, na kwamba kila nikimwaga nikampa mtoto maji ya sukari, shibe inakuwa ya uongo na titi linadhani kazi imekwisha. Hakunigombeza. Aliniketisha, akanionyesha namna ya kumshika mtoto tumbo kwa tumbo, akakaa nami mpaka wagonjwa wakaanza kunung'unika nje. Niliporudi nikamweleza mama mkwe yote. Alichukua bakuli la sukari akaenda nalo nyumbani kwake, na hajalirudisha mpaka leo.

Mzigo wako wa makopo ya maziwa nimeupata, ahsante sana. Nilikwenda mwenyewe Mikumi, dukani kwa Mwinshehe, pale makondakta wanapoacha vifurushi. Jamani, Mikumi ya siku hizi! Tangu mambo yawe ruksa rafu nzima ni maziwa ya kutoka nje, na kila kopo lina picha ya mtoto mnono. Nilisimama nikawatazama wale watoto wa makopo, nao wananitazama. Kopo moja nimelifungua, nesi akaniruhusu, tukamwongezea kwa kikombe wiki mbili za mwanzo maana jioni nilikuwa sitoshi. Siku hizi jioni namweka mara tatu, mara nne, ananung'unika, lakini analala ameshiba.

Wakati wa kurudi, lori lilisimama kuwapisha tembo. Dereva akazima injini. Mtoto wa tembo akakunja mkonga juu, akaingiza mdomo kifuani kwa mama yake, katikati ya miguu ya mbele. Ulijua kwamba tembo maziwa yako kifuani kama sisi? Vumbi lilikuwa rangi ya uji wa ulezi, na nilihisi kama wale tembo na sisi wote tumo ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Mara nikasikia gauni linalowa. Pande zote mbili, dada! Magreti yuko mgongoni amelala, hajalia wala nini. Mzee aliyekaa karibu aligeuza uso kwa heshima. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Wiki iliyopita mizani ilisema kilo tano na nusu. Umeandika kwamba nikishindwa nikuletee na huyu umlee. Nakushukuru kwa moyo wangu wote, lakini huyu simleti.

Nisalimie shemeji, mama mdogo Verdiana niliyepewa jina lake, na Kalisti umpe busu la shavuni. Donati na mama mkwe wanawasalimu. Mungu awalinde, na nyumba yako isikose uji wala kicheko.

Na Lazaro umsalimie peke yake. Simdai, wewe ndiye mama yake, na mimi aendelee kuniita mama mdogo. Ila siku akikua akiuliza kwa nini hakunyonya kwangu, usimwambie tena kwamba sikuwa na maziwa. Najua mimi ndiye niliyekwambia hivyo. Mwambie yalikuwepo, mengi tu. Mwambie nilikuwa nayamwaga pale mlangoni kila siku, kwa sababu nilimpenda na nilimwogopea jua.

Mimi mdogo wako, akukumbukaye hata usingizini,

Verdiana